Siku za virusi damuni: kisa cha chanjo ya CMV kwa wanaosubiri figo na ini

Kura ilipigwa kwa kukwangua. Msimbo ulifichwa chini ya utando, kama namba za vocha ya simu, na ulipokwanguliwa ndio ulioamua nani adungwe chanjo na nani adungwe dawa bandia. Ni njia ya kizamani, ila ina sifa moja ninayoipenda: utando ukishatoka haurudi, na hakuna wa kusema alikuwa bado hajaona.

Waliopigiwa kura hiyo walikuwa watu wazima 140 katika Hospitali ya Royal Free, London, wote wakisubiri kupandikizwa figo au ini. Kati yao, 70 walikuwa wameshaambukizwa zamani virusi vya saitomegalo, ambavyo wodini huitwa CMV tu, na 70 walikuwa hawajawahi kukutana navyo. Chanjo iliyokuwa inajaribiwa ilikuwa ya virusi hivyohivyo. Matokeo yalitoka mwaka 2011 katika jarida la Lancet, jina la Paul Griffiths likitangulia kwenye orodha ya waandishi.

Jaribio hili husomwa kwa pupa. Anayetaka habari njema anaona chanjo iliyopunguza virusi. Mwenye shaka anaona jaribio dogo la awamu ya pili, na chanjo ambayo haikufika sokoni. Wote wawili hawajakosea. Lakini nikilipitia taratibu naona uzito wake uko pale watafiti walipoamua watapima nini. Uamuzi huo ndio uliowafanya watu wachache namna hiyo watoshe kuonyesha kitu. Ndio pia uliokuja kufichua, miaka kadhaa baadaye, kwamba kingamwili (protini ya kinga inayonasa virusi) iliyokuwa ikitazamwa na wengi siyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Abiria ndani ya figo

CMV ni ya ukoo mmoja na virusi vya tetekuwanga. Mtu mwenye afya huipata bila habari, mara nyingi utotoni, kwa mate ya mwenzake au kwa maziwa ya mama. Akiumwa, basi ni homa ya siku chache. Baada ya hapo virusi haviondoki. Vinajificha ndani ya seli maisha yote, na kinga inakaa mlangoni kama mlinzi wa zamu. Ndiyo maana figo ya mtu aliyewahi kuambukizwa haiji peke yake. Inakuja na abiria.

Anayeipokea naye anapewa dawa za kushusha kinga, mwili usije ukakikataa kiungo kigeni. Dawa hizo hazichagui. Zinamfunga mikono mlinzi anayetaka kuishambulia figo, na zinamfunga mikono yuleyule aliyekuwa akivizuia virusi visitoke.

Kwa hatari hii wapokeaji hawalingani. Aliyewahi kuambukizwa ana kinga yenye kumbukumbu. Hata ikishushwa, haianzi moja. Asiyewahi, akapata kiungo cha mtoaji aliyeambukizwa, ndiye aliye pabaya zaidi, kwa sababu virusi ni vigeni kwake na kinga inatakiwa ivijue wakati huohuo inapobanwa na dawa. Kwenye faili huandikwa D+R−: alama ya kwanza ni ya mtoaji, ya pili ni ya mpokeaji. Ukiiona, jua miezi inayofuata itakuwa ya kuchungulia damu. Virusi vikiachwa vizaliane vinaweza kuingia mapafuni, kwenye utumbo, ini, jicho, hata kwenye kiungo chenyewe kilichopandikizwa, na huongeza uwezekano wa mwili kukikataa.

Dawa ipo. Gansiklovia ya kudungwa mshipani, na nduguye wa vidonge, valgansiklovia, huzuia virusi visijinakili. Nazo zina makali yake: hushusha chembe nyeupe za damu kwa mtu ambaye kinga yake imeshashushwa kwa makusudi. Madaktari huzitumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumpa kila aliye hatarini vidonge tangu mwanzo, kwa miezi 3 au hata 6. Inafanya kazi, ila vidonge vikikoma wapo wanaougua baadaye, maana kinga yao haikupata nafasi ya kuvizoea virusi. Ya pili ni kusubiri huku unapima: damu inachukuliwa mara kwa mara, na dawa inaanza pale tu virusi vinapofika kiwango fulani. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2020, kwa watu 205 wa kundi la D+R− waliopandikizwa ini, lilizilinganisha njia hizo: waliougua CMV walikuwa 9% kwenye njia ya kusubiri na 19% kwenye njia ya vidonge kwa wote. Royal Free walikuwa wameshachagua upande wao miaka mingi kabla ya namba hizo kutoka.

Wavu

Walichagua kusubiri na kupima. Kanuni yao ilikuwa fupi. Baada ya upandikizaji, damu inapimwa kwa PCR, kipimo kinachohesabu nakala za jenomu ya virusi. Sampuli moja tu ikizidi nakala 3,000 kwa mililita, gansiklovia inaanza, na haiachwi mpaka vipimo viwili mfululizo visione virusi. Aliyechanjwa na aliyepewa dawa bandia walihukumiwa kwa mstari huohuo.

Mstari huo una maana yake. Watafiti hao walikuwa wameshaonyesha kwamba CMV ndani ya mwili inaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa takriban siku moja. Chukua mfano wa kufikirika: leo nakala 400, kesho 800, keshokutwa 1,600, mtondo 3,200. Mgonjwa aliyeonekana salama Jumatatu anauvuka mstari Alhamisi, pengine bila homa wala kikohozi. Anayengoja dalili ndipo aanze matibabu anakimbizana na kitu kilichoshamtangulia.

Wavu huu uliondoa tatizo la kimaadili ambalo huyasumbua majaribio mengi yenye dawa bandia. Hakuna aliyeachwa augue ili takwimu zipendeze. Aliyeangukiwa na dawa bandia alipata huduma ileile, na virusi vyake vilidakwa kwenye kiwango kilekile.

Lakini wavu huohuo ulimnyang'anya mtafiti kipimo alichokizoea. Ukimdaka kila mgonjwa kabla hajaugua, utalinganisha nini? Wagonjwa wa nimonia ya CMV hawatakuwepo katika kundi lolote. Jaribio la kuhesabu waliougua lingetoka patupu, au lingedai maelfu ya watu, na wanaopandikizwa figo au ini hawapatikani kwa maelfu katika hospitali moja.

Wakaligeuza swali. Badala ya nani aliugua, wakauliza virusi vilikaa damuni siku ngapi, na mgonjwa alihitaji gansiklovia siku ngapi. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini kwa jaribio la watu wachache ndiyo kila kitu. Jibu la ndiyo au hapana hubeba habari kidogo. Siku 0, siku 12 au siku 40 hubeba habari nyingi zaidi kutoka kwa mtu huyohuyo mmoja. Na kwa kuwa kanuni ya kuanza na kuacha dawa ilikuwa imeandikwa, siku za gansiklovia hazikutegemea hofu ya daktari mmoja au ujasiri wa mwingine.

Angalia pia ambavyo ingekuwa kama wangempa kila mtu vidonge tangu mwanzo. Valgansiklovia ingevizima virusi pande zote mbili, na chanjo, hata kama ni nzuri, isingepata mahali pa kujionyesha. Ungekuwa kama umeweka mwavuli juu ya paa halafu unauliza kama paa linavuja.

Sindano tatu na simu isiyo na tarehe

Chanjo yenyewe ilikuwa protini moja, glaikoprotini B, au gB kwa kifupi. Iko kwenye ganda la nje la CMV, na bila hiyo virusi haviwezi kupenya seli. Kilichodungwa hakikuwa virusi hai: protini hiyo ilitengenezwa maabara, ndani ya seli za hamsta, hivyo haikuwa na uwezo wa kumwambukiza mtu. Kwa mgonjwa anayekaribia kushushwa kinga hilo ni sharti, si anasa. Protini peke yake huiamsha kinga kwa unyonge, kwa hiyo ilichanganywa na MF59, kichocheo cha matone madogo ya mafuta ya skwalini ndani ya maji. MF59 haikuwa kitu kigeni. Ilikuwa imeshatumika Ulaya tangu miaka ya 1990 katika chanjo ya mafua ya wazee. Na mchanganyiko huu wa gB na MF59 ulikuwa umeshaonyesha dalili njema kwingine: mwaka 2009, jaribio la wanawake 464 huko Birmingham, Alabama, liliripoti kwamba ulipunguza maambukizi ya CMV kwa 50%.

Ratiba ilikuwa sindano tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lakini mtu anayesubiri kiungo cha marehemu hana tarehe. Simu inaweza kulia baada ya wiki mbili, inaweza kulia baada ya miaka. Kanuni ya jaribio ilisema ukishapandikizwa sindano zinakoma, ulizokosa umezikosa. Kwa hiyo kundi la chanjo halikuwa kundi la watu waliochanjwa sawasawa. Mwingine aliingia chumba cha upasuaji na dozi zote, mwingine na pungufu. Na upande wa pili wapo ambao simu haikulia: kati ya 140, waliopandikizwa na kufuatiliwa damu yao walikuwa 78. Ukianza na watu 140 ukamaliza swali kuu na 78, halafu ukawagawa kwa chanjo na dawa bandia, ukawagawa tena kwa hali ya mtoaji na mpokeaji, unabaki na viganja vya watu. Nadhani hilo ndilo doa kubwa la jaribio hili, na si la uzembe. Foleni ya viungo ndivyo ilivyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasingoje, wachanje baada ya upandikizaji, wakati kila mtu ameshajulikana. Miaka ya korona ilijibu swali hilo kwa sauti. Mwaka 2021 watafiti wa Johns Hopkins waliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo, baada ya dozi mbili za chanjo ya mRNA: waliokuwa na kingamwili walikuwa 54% tu. Kwa watu wenye afya ni karibu wote. Chanjo ni mwalimu, na dawa za kushusha kinga zinamlaza mwanafunzi.

Kabla ya upandikizaji nako si peponi. Figo zilizochoka huidhoofisha kinga, ndiyo maana wagonjwa wa dayalisisi hupewa dozi kubwa zaidi ya chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hata kuongezewa damu kulikuwa kikwazo: aliyepokea damu au mazao yake katika miezi 3 iliyotangulia hakuruhusiwa kuingia kwenye jaribio, isipokuwa kama ni albumini. Damu ya mtu mwingine huja na kingamwili za mtu huyo, na kipimo kingedanganyika.

Namba zinasema nini, na kwa sauti gani

Vipimo vikuu vilivyotangazwa tangu mwanzo vilikuwa usalama na mwitikio wa kinga. Waliopata chanjo walikuwa 67, dawa bandia 73. Kwa wale ambao hawakuwahi kuambukizwa, wastani wa kingamwili dhidi ya gB ulifika 12,537 kwa waliochanjwa na 86 kwa wenzao. Kwa walioambukizwa zamani ulifika 118,395 kwa waliochanjwa na 24,682 kwa wasiochanjwa.

Ziangalie namba hizo kwa mshazari. 24,682 ndicho kiwango ambacho maambukizi ya kawaida huwaachia watu hawa. Chanjo kwa asiyewahi kuambukizwa ilifika karibu nusu yake. Si haba kwa mwili wenye figo au ini lililochoka, lakini nusu ni nusu. Kwa aliyeambukizwa zamani, chanjo iliongeza karibu mara tano juu ya alichokuwa nacho, ishara kwamba hata kinga iliyoishi na CMV miaka yote hiyo haikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Binafsi, katika jaribio zima, hili la pili ndilo lililonishangaza.

Kisha virusi vyenyewe. Kwa walioonekana na CMV damuni baada ya upandikizaji, kadiri kingamwili dhidi ya gB zilivyokuwa nyingi ndivyo siku za virusi zilivyopungua, na thamani ya p ilikuwa 0.0022. Kwa kundi la hatari, D+R−, waliochanjwa walikuwa na siku chache zaidi za virusi damuni, p ikiwa 0.0480, na siku chache zaidi za gansiklovia, p ikiwa 0.0287.

Thamani ya p ya 0.0480 maana yake ni hii: kama chanjo haina kazi yoyote, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingeweza kujitokeza kwa bahati chini kidogo ya mara 5 katika 100. Mstari uliozoeleka ni 0.05. Kwa hiyo matokeo yaliyotajwa sana ya jaribio hili yamesimama kizingitini, katika kundi dogo, na kwa kipimo ambacho hakikuwa kikuu. Mgonjwa mmoja au wawili wakienda tofauti, pengine sentensi ya Lancet ingeandikwa kwa namna nyingine.

Mimi naipa uzito zaidi ile 0.0022, kwa sababu ina mwelekeo: zaidi ya hiki, pungufu ya kile. Hata hiyo nayo ina mtego. Mtu mwenye kinga imara kwa jumla anaweza kutengeneza kingamwili nyingi na pia kuvidhibiti virusi kwa njia nyingine kabisa, mathalani kwa seli T, askari wa kinga wanaozishambulia seli zilizoambukizwa. Kingamwili zingekuwa zinaonyesha kinga imara tu, bila zenyewe kuwa ndizo zilizovizuia virusi. Kura ya kukwangua inaondoa mashaka hayo pale unapolinganisha kundi na kundi. Haiyaondoi pale unapopanga watu kwa wingi wa kingamwili zao.

Majirani wa kisa hiki

Wazo la kupunguza makali bila kuzuia maambukizi halikuzaliwa London. Miongo iliyotangulia, Stanley Plotkin na wenzake huko Philadelphia waliwachanja wagonjwa wa figo kwa CMV hai iliyodhoofishwa, aina ya Towne, iliyokuzwa na kuhamishwa mara 125 kwenye seli za maabara. Maambukizi hayakuzuilika. Ugonjwa mkali kwa kundi la D+R− ulipungua. Kama wangehesabu maambukizi peke yake, chanjo ile ingeonekana haina lolote.

Baadaye ikaja ASP0113. Hii haikuwa protini. Ilikuwa DNA, plasmidi mbili, yaani vipande viwili vya DNA vya duara, moja ikibeba maelekezo ya gB na nyingine ya protini iitwayo pp65 inayozichokoza seli T. Jaribio lake kwa waliopandikizwa figo wa kundi la D+R−, watu wapatao 150, lilichapishwa 2018. Sindano zilianza takriban mwezi mmoja baada ya upandikizaji, kinga ikiwa imeshashushwa, huku kila mmoja akimeza valgansiklovia hadi kama siku ya 100. Kilichopimwa ni kama virusi vingefika kiwango fulani damuni kati ya hapo na mwisho wa mwaka. Hakukuwa na tofauti. Jaribio la awamu ya tatu kwa waliopandikizwa uboho, watu 514, lilichukua kipimo kigumu zaidi, kifo cha sababu yoyote au ugonjwa wa CMV kwenye viungo ndani ya mwaka, nalo halikuonyesha faida.

Kishawishi ni kusema: unaona, walichanja wamechelewa, na wakapima vibaya. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Vidonge vilifunika miezi ya kwanza, na kifo cha sababu yoyote kwa mtu wa uboho hutokana na mambo mengi ambayo hakuna chanjo ya CMV itakayoyagusa. Lakini haitoshi. Chanjo ile ilikuwa dhaifu yenyewe, ikiamsha kinga kidogo kwa watu hawa, na kipimo kizuri hakimpi nguvu asiye nayo. Tena kuna mfano unaoikataa kabisa kanuni ya kuchanja kabla ya upandikizaji tu. Chanjo ya protini dhidi ya mkanda wa jeshi, yenye kichocheo kikali, ilijaribiwa kwa watu 1,846 waliorudishiwa seli zao wenyewe za uboho. Dozi ya kwanza ilitolewa siku 50 hadi 70 baada ya upandikizaji, na mkanda wa jeshi ulipungua kwa 68.2%. Hao hawakuwa na kiungo cha mtu mwingine, na kinga yao ilikuwa na historia na virusi vile. Ndiyo kusema wakati wa kuchanja hauna jibu moja. Unategemea kinga inafundishwa kitu kipya au inakumbushwa cha zamani.

Kingamwili isiyo yenyewe

Turudi Royal Free, kwenye vichupa vya damu vilivyohifadhiwa kwenye barafu.

Kwa miaka mingi kazi ya kingamwili dhidi ya virusi ilieleweka kwa picha moja: kingamwili inakishika kirusi kabla hakijaingia kwenye seli, inakifunga, hakiingii. Hupimwa kwa kuchanganya majimaji ya damu na virusi, kisha mchanganyiko unamwagwa juu ya seli. Seli zikibaki nzima, kingamwili inavilemaza virusi. Kwa kuwa gB ni ufunguo wa kuingilia, kila mtu angetegemea chanjo ya gB ifanye hivyo.

Mwaka 2018 watafiti wa University College London na wenzao walirudi kwenye sampuli za jaribio hili na kuchapisha jibu lisilotarajiwa: kinga iliyoonekana haikutegemea kingamwili za kulemaza. Watu waliochanjwa walikuwa na kingamwili tele zinazoishika gB, na siku zao za virusi zilipungua, lakini kwenye kile kipimo cha seli hazikuwa na cha kujivunia. Mwaka huohuo kikundi kingine, kikichunguza damu ya waliochanjwa kwa gB na MF59 katika lile jaribio la wanawake, kilifika karibu na hapohapo.

Hapa ndipo ule uamuzi wa kuhesabu siku za virusi unapolipa. Tuseme jaribio lingeendeshwa kama mengine: lipime kama chanjo inaleta kingamwili za kulemaza, na kama haizileti, iachwe. Chanjo hii ingefia maabara. Ilinusurika kwa sababu kulikuwa na namba za virusi ndani ya watu wenyewe, siku kwa siku, ambazo hazikujali nadharia ya mtu.

Kilichofuata ni kazi ya upelelezi. gB ina maeneo kadhaa ambayo kingamwili huyashika, yaliyopewa majina ya AD-1, AD-2 na kuendelea hadi AD-5. Kwa walioambukizwa zamani, wale ambao chanjo iliwaongezea mara tano, kingamwili dhidi ya AD-2 zilionekana kwenda sambamba na kuwa salama dhidi ya virusi damuni. Lakini kwa wasiowahi kuambukizwa, ambao ndio walio hatarini zaidi, chanjo haikuzalisha kingamwili za AD-2. Kilichowakinga kilikuwa kingine.

Mwaka 2023, katika jarida la Nature Communications, watafiti hao wa London walitangaza eneo la sita na kuliita AD-6. Zaidi ya 70% ya waliochanjwa walikuwa na kingamwili dhidi yake. Kwa walioambukizwa kwa njia ya kawaida, chini ya 5%. Kwa maneno mengine chanjo haikuwa ikiiga maambukizi na kuishia nusu, kama nilivyodhani nilipozisoma zile 12,537 na 24,682 kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ikiifundisha kinga kitu ambacho maambukizi yenyewe karibu hayafundishi kabisa.

Na kazi ya kingamwili hiyo haifanani na ile picha ya zamani. Haikishiki kirusi kinachoelea. Inaishika gB, na inazishika seli ambazo zimeshaambukizwa, kisha inazuia virusi visipite kutoka seli moja hadi ya jirani yake. Kile kipimo cha kuchanganya majimaji na virusi kisingeweza kuiona hata kingerudiwa mara elfu, kwa sababu kinauliza habari za mlango wa mbele. CMV huenda nyumba kwa nyumba kwa kupitia ukutani.

Inaoana vizuri na lile lililoonekana wodini. Kingamwili inayozuia kuenea, si kuingia, haitamzuia mgonjwa asiambukizwe na figo yenye virusi. Itavichelewesha, itavipunguza, itafupisha siku. Ndicho kilichopimwa. Hata hivyo kuzuia kuenea kumeonekana kwenye seli za maabara, na watafiti wenyewe wanasema AD-6 inaweza kueleza sehemu ya kinga iliyoonekana, bila kudai kwamba inaieleza yote. Jaribio linalochagua chanjo kwa AD-6, kisha linahesabu siku za virusi damuni kwa watu wa kutosha wa D+R−, ndilo litakaloonyesha kama 0.0480 ilikuwa bahati.